Sekunde ya Mizani

Enzi za Tsofa, saa sita usiku mizani ilifungwa.
Saa mbili nzima, hakuna kupima.
Malori yalipangana toka langoni hadi barabara ya Garsen,
madereva wamelalia usukani,
utingo wao wakichemsha chai chini ya tela
na kurusha matusi kwenye dirisha langu dogo
ambamo nakala ilijikokota, asilimia nne, asilimia tano,
kama mtu anayehamisha lundo la chumvi kwa kijiko.

"Iache itulie," Tsofa alikuwa akisema.
"Hesabu haipigwi picha ikikimbia."

Nilimheshimu. Lakini Gongoni chumvi haitulii.
Maji hugeuka chembe, chembe lundo,
lundo hupanda lori,
na kila lori ni namba mbili:
tupu likiingia, zito likitoka.
Baina yake kuna jambo moja lisilokatika:
tani ziondoke lundoni, ziingie kwenye hati ya dereva.
Yote, au lisiwepo.

Nililijua hilo kwa aibu.
Picha yangu ya kwanza niliipiga bila kubisha hodi.
Data diski hii, daftari la miamala diski ile,
na kati ya mlio wa kwanza na wa pili
Changawa wa zamu ya usiku akabonyeza *Hifadhi*.
Nilipoifufua kwenye mashine ya majaribio
tani ishirini na nane zilikuwa zimetoka lundoni,
hazikufika popote.
Nilizitafuta hadi alfajiri,
chumvi isiyo juani wala lorini,
iliyomwagika katikati ya sekunde.

Sasa nabisha hodi.
Naiambia hifadhidata: meza kilicho mdomoni.
Andika, funga, usitie tonge jingine.
Diski zote mbili, kwa pamoja, simameni.
Hapo napiga.

Na picha haibebi kitu.
Ilinichukua miezi kuliamini hilo.
Haichoti chumvi, inaweka alama tu kila chembe ilipo;
kisha tarakimu mpya ikija kukaa pa tarakimu ya zamani,
ya zamani huinuliwa kwanza, kwa adabu,
ikatandikiwa mkeka wake pembeni.

"Endelea," naiambia.
Inaendelea.

Masika ya mwaka juzi kutu ilizila diski.
Hewa ya huku hula: bawaba, misumari, miguu ya kiti changu.
Picha arobaini, nilizozipanga kwa tarehe kama sahani kabatini,
zikafa usiku mmoja na kile zilichokipiga,
maana nilizitundika kwenye kuta za nyumba ile ile iliyoungua.
Papa haangikwi baharini akauke.
Nilijua. Nilikuwa na haraka.

Tsofa, wakati huo amestaafu, yuko Mambrui,
hakucheka.
Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa kanda moja,
nakala ya miezi mitatu nyuma,
ya zile saa mbili za matusi.
Niliipokea kwa mikono miwili.
Miezi mitatu mingine tuliiokota kwenye karatasi za madereva,
karatasi zenye grisi, zenye majani ya chai.

Tangu hapo picha haikai hapa.
Ikishapigwa hunakiliwa, husafiri kwa waya hadi Malindi mjini,
chumba cha juu, nyuma ya posta,
na kila Jumatano nafufua moja
na kuhesabu tani, lori kwa lori.
Zile ishirini na nane bado nazihesabu mara mbili.

Usiku huu lori la Mwambire liko juu ya mizani.
Utingo ana mguu mmoja kwenye ngazi.
"Changawa," nasema, "nasimamisha mtambo."
"Simamisha basi, tujue moja."
"Nimeshasimamisha. Nimeshaachia."
Anaiangalia taa ya kijani,
anachungulia nje, anaitafuta foleni,
anageuka.

"Lini?"